Kilo Moja Katika Vitabu Vitano

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Historia ya maghala ya Nachingwea na Ruangwa inaikubali methali hiyo nusu tu. Katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Lindi, mali imepungua, imechelewa na imegombewa kwa zaidi ya miaka sabini huku madaftari yakiwa yamejaa mistari, mihuri na saini. Makarani walikuwepo, mizani ilikuwepo, na wakaguzi walifika. Kilichokosekana ni kitu chembamba zaidi, na kwa sababu ni chembamba kimepita bila kusemwa: hesabu ya ghala ina maswali mawili, na mara nyingi imelazimishwa kuyajibu yote kwa namba moja. Swali la kwanza ni kiasi gani kimo ghalani leo. La pili ni kiasi gani kilishapokelewa na bado kina mwenyewe anayekidai, kiwe ghalani au kimeshatoka. Majibu ya maswali haya hulingana siku chache sana za msimu. Siku nyingine zote yanatofautiana, na anayeumizwa na tofauti hiyo karibu kila mara ni mkulima, kwa kuwa mali yake ndiyo inayoingia kwanza na fedha yake ndiyo inayofika mwisho.

Tuanze na karanga, maana Nachingwea ya leo ilipangwa kwa ajili yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Afrika kwa mashine, na mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ukazunguka nchini na kuandika ripoti ya kuliunga mkono wazo hilo. Mpango uliochapishwa Februari 1947 ulitaja ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 yangekuwa Jimbo la Kusini, kwa maana ya nchi inayoizunguka Nachingwea. Reli ilijengwa kutoka pwani kuelekea bara, bandari ya Mtwara ikachimbwa, na pori likaanza kung'olewa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekwisha, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Sababu za kushindwa zinajulikana: mvua isiyotabirika, udongo uliokauka ukawa mgumu kama tofali, mizizi iliyovunja majembe ya trekta, na haraka ya wanasiasa wa London. Zote ni za kweli. Lakini ipo nyingine isiyopewa uzito unaostahili, nayo ni ghala. Vifaa vilishuka Dar es Salaam haraka kuliko vilivyoweza kuandikwa. Kulikuwa na matrekta yaliyotokana na masalia ya kijeshi na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki, pamoja na vipuri vya mashine za kila aina. Mwaka 1948 usimamizi ulihama kutoka kampuni ya United Africa kwenda shirika la umma, Overseas Food Corporation, wakati kazi ikiendelea. Hapo ndipo hesabu ilipopasuka. Ili shirika jipya lijue limepokea nini, ilitakiwa siku moja isimame, kila kitu kihesabiwe kilipo, na orodha hiyo ifungwe. Badala yake matrekta yaliendelea kusafiri, vipuri viliendelea kufunguliwa na kutumika, na vitabu vya kampuni ya zamani vilikuwa nyuma ya mali yenyewe. Wakaguzi walipotakiwa kuzithibitisha hesabu za shirika hadi 31 Machi 1949, hawakuwa tayari kusema kwamba vitabu vilitunzwa ipasavyo, na Bunge la Uingereza likalipigia kelele jambo hilo mwaka huohuo.

Ni rahisi kulisoma tukio hilo kama uzembe wa makarani. Naona si haki. Karani anayeandika kilichomo leo na karani anayeandika kilichopokelewa tangu mwanzo wanafanya kazi mbili tofauti, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi huku namba zao zikipishana kwa maelfu. Walichokosa maofisa wa karanga ni picha ya siku ya makabidhiano, orodha isiyobadilika hata mali ikihama, ambayo kila kilichotokea baadaye kingepimwa nayo. Bila orodha hiyo, trekta lililokufa porini na trekta lililo karakanani yote yalikuwa matrekta vitabuni.

Baada ya karanga kuondoka, mashamba ya majaribio yaliendelea, na mwaka 1955 yakawa chini ya Tanganyika Agricultural Corporation. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zao lililobaki mikononi mwa wananchi, lisilohitaji trekta, likawa ndilo tegemeo: korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilipatikana takribani tani 16,500 tu. Kuhamishwa kwa watu vijijini kulikowaweka mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiri unga, na bei duni ndivyo vilivyoleta anguko hilo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mamlaka ya zao ikanunua yenyewe, kisha ushirika ukarudishwa kwa sheria ya 1982. Kwa hoja yetu linatosha jambo moja kuhusu kipindi hicho: kila taasisi ilipokufa na nyingine kuzaliwa, ghala lilibaki palepale lakini daftari la madai ya wakulima halikurithiwa kwa uangalifu kama majengo yalivyorithiwa.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, ulikuja kutibu mambo mengi kwa pamoja, na wazo lake ni zuri. Mkulima hamuuzii mchuuzi mlangoni pake. Anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, zinapimwa na anapewa risiti. Chama kinakusanya mzigo na kuupeleka ghala kuu, ambako unapimwa tena, unachukuliwa sampuli, unapewa daraja, na mwendesha ghala anatoa stakabadhi. Chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, kinaandaa katalogi, wanunuzi wanashindana mnadani, anayeshinda analipa, na ndipo anapewa hati ya kutolea mzigo. Stakabadhi yenyewe ina sehemu mbili, moja ya umiliki na moja ya dhamana, ili mwenye mali aweze kukopa benki kabla mali haijauzwa. Aliyeitunga sheria alijua kwamba mali moja inaweza kuwa na haki mbili juu yake kwa wakati mmoja.

Fuata sasa kilo moja ya korosho kutoka shamba la Ruangwa. Imeandikwa kwenye daftari la AMCOS siku ilipopimwa. Imeandikwa kwenye hati ya usafirishaji. Imeandikwa ghala kuu, mara nyingi kwa uzito mwingine. Imeandikwa kwenye katalogi ya mnada, na kama kuna mkopo, imeandikwa pia benki kama dhamana. Ni kilo moja katika vitabu vitano, na kila kitabu kinafungwa siku yake. Ukijumlisha vitabu vya AMCOS na vya ghala kuu bila kuondoa mzigo ulio kwenye vyote viwili, umeihesabu kilo hiyo mara mbili. Ukisoma vya ghala kuu peke yake, mzigo ulioko barabarani kati ya Ruangwa na ghala haupo duniani. Ukisoma vya mnada, umeiondoa korosho iliyouzwa wiki iliyopita ambayo mwenyewe hajalipwa. Hakuna mwizi katika mfano huu, wala karani asiyejua kujumlisha. Kuna vitabu vya kweli vilivyoulizwa swali lisilo lao.

Halafu kuna unyaufu. Korosho inaendelea kukauka ghalani na uzito unapungua, na hilo halizuiliki. Chukua mzigo wa tani 10 uliopungua asilimia moja tu: ni kilo 100. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ni shilingi 330,000 ambazo lazima zikatwe kwa mtu. Kwa nani? Kama daftari linalotawala ni la siku ya kupokea, hasara ni ya ghala au ya mnunuzi. Kama ni la siku ya kutoa, hasara inarudi chamani, na chamani inarudi kwa mkulima ambaye aliona kwa macho yake mizani ikisoma uzito mkubwa zaidi. Ugomvi wa unyaufu unaosikika karibu kila msimu kusini hausuluhishwi kwa mizani bora, ijapokuwa mizani bora inahitajika. Unasuluhishwa kwa kuamua mapema, kwa maandishi, ni picha ya siku gani inayobeba haki na ni ipi inayobeba hali halisi, kisha kuzionyesha zote mbili na tofauti yake ikiwa na jina.

Gharama ya kuchanganya maswali hayo mawili ilionekana Aprili 2013 katika wilaya jirani ya Liwale. Mfumo wa wakati ule ulimpa mkulima malipo ya kwanza kwa kutumia mkopo wa benki uliokadiriwa kutokana na bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, kisha malipo ya pili baada ya mauzo, na majaleo kama kuna kilichozidi. Bei ilipoanguka, mauzo hayakutosha kurudisha mkopo na kukamilisha malipo ya pili waliyoyatarajia wakulima. Kwa benki, korosho ile ilikuwa dhamana iliyokwisha kutumika. Kwa ghala, ilikuwa mzigo uliokwisha kutoka. Kwa mkulima, ilikuwa kilo zilezile zilizoandikwa kwenye risiti yake, na dai lake lilikuwa hai. Wananchi walipolipwa pungufu, nyumba zilichomwa moto. Kuchoma nyumba ya mtu hakuna utetezi. Lakini anayesema watu wale hawakuelewa mfumo anakosea: walielewa vizuri kabisa kitabu kimoja, kile walichopewa mkononi, na hakuna aliyewaonyesha kwamba vipo vingine vilivyokuwa vikisoma namba nyingine kwa miezi kadhaa.

Msimu wa 2018/19 ulileta mtihani mkubwa zaidi. Wakulima walikataa bei za minada ya Oktoba 2018, na Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, fedha zikipitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo na jeshi likisimamia ukusanyaji na usafirishaji. Ghafla serikali ilihitaji kujua mambo mawili kwa wakati mmoja: korosho iliyopo maghalani ni kiasi gani, na nani anastahili kulipwa. La kwanza lingejibiwa kwa kuhesabu magunia. La pili halikuweza, kwa sababu ya kangomba. Mchuuzi wa kangomba hununua korosho kwa mkulima mwenye shida, kwa kipimo cha bakuli au chombo kingine kisicho mizani, kisha huupeleka mzigo chamani kama wake. Gunia lake ni la kweli, uzito wake ni wa kweli, lakini haki iliyo juu yake ina utata. Ndiyo maana waliokuwa na zaidi ya kilo 1,500 waliwekwa kwenye uhakiki wa mashamba kabla ya kulipwa. Uhakiki ulichukua muda, na wakulima halali walisubiri pamoja na wasio halali hadi mwaka uliofuata. Kilichokuwa kikitafutwa mlangoni pa malipo kilipaswa kuandikwa kwenye mizani: korosho hii imetoka shamba la nani, siku gani, kwa uzito gani.

Hapa inafaa kutazama mbali kidogo, kwa sababu wahandisi wa kompyuta wamegonga ukuta huohuo. Hadoop ni programu huria ya kutunza data nyingi kwa kuigawa kwenye mashine nyingi, na kwa kawaida huweka nakala tatu za kila kipande. Faili la gigabaiti moja hula gigabaiti tatu za diski. Ukiuliza ukubwa wa faili unapata jibu moja, ukiuliza nafasi iliyoliwa unapata jingine, na yote mawili ni kweli. Katika toleo lake la pili, Hadoop iliongezewa snapshoti, yaani kumbukumbu ya hali ya folda kama ilivyokuwa saa fulani. Kuichukua hakunakili data. Kunaandika tu ni vipande vipi vilikuwa vya nani wakati huo. Mtumiaji akifuta faili baadaye, folda yake inaonekana nyepesi lakini diski hazipati nafasi, kwa kuwa snapshoti bado inavishikilia vile vipande. Namba zikaanza kupishana: msimamizi anaona diski imejaa, mtumiaji anaona ameshafuta. Wahandisi hawakutafuta namba moja ya kuwaridhisha wote. Waliipa amri ya kuhesabu nafasi chaguo la kuviacha nje vilivyoshikiliwa na snapshoti tu, na anayeuliza akawa anaweza kusema anauliza nini. Korosho iliyouzwa bila kulipwa iko katika hali hiyohiyo: haionekani tena ghalani, lakini bado imeshikiliwa na haki ya mtu.

Kuna watakaopinga wakisema ninalizunguka jambo lililo wazi, kwamba tatizo ni wizi. Viongozi wa vyama vya msingi wamewahi kufikishwa mahakamani, magunia yamewahi kukosekana, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika na shirika la ukaguzi, COASCO, vipo kwa sababu hiyo. Siukatai wizi. Ninachosema ni kwamba wizi wa ghala una makazi yake, na makazi hayo ni pengo kati ya vitabu. Katibu mwenye nia mbaya haibi kilo iliyo katika vitabu vyote vitano kwa namba moja na tarehe moja. Anaiba ile ambayo kitabu kimoja kinaitaja na kingine hakiitaji, kisha anaiita unyaufu, au anasema ipo njiani. Ukimfunga katibu huyo na kuliacha pengo, umemwandalia kiti mwingine. Ukiliziba pengo, hata asiye mwaminifu anakuwa na kazi ngumu.

Wengine, na hoja yao ina nguvu zaidi, watasema teknolojia imeshalimaliza suala hili. Malipo sasa hupitia akaunti ya benki ya mkulima mwenyewe, wakulima wamesajiliwa kwa kumbukumbu za kidijitali, na minada imehamia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambako bei huonekana kwa wote waliohudhuria. Haya ni maendeleo makubwa, hasa ukikumbuka masanduku ya zabuni ya zamani. Lakini kompyuta hujibu ilichoulizwa. Mfumo ukiandikwa uonyeshe mzigo ulioko ghalani peke yake, utaonyesha hivyo kwa kasi ya umeme, na korosho ya mama wa Ruangwa iliyouzwa siku kumi zilizopita itatoweka kwenye skrini kabla fedha haijaingia kwenye akaunti yake. Kosa la daftari la karatasi linaonekana na kubishaniwa ofisini mwa chama. Kosa la skrini huja na sura ya ukweli, na mkulima hana kalamu ya kulisahihishia.

Pia husemwa kwamba mkulima hataki ripoti, anataka bei. Ni kweli kwamba mnadani Nachingwea hakuna anayeshangilia jedwali. Hata hivyo bei ya shilingi kadhaa kwa kilo haina maana mpaka ijulikane inazidishwa kwa kilo zipi: za mizani ya chama, za ghala kuu, au za siku ya kutoka. Tozo zote za mjengeko wa bei, kuanzia ushuru wa halmashauri hadi gharama za ghala na usafiri, hukatwa kwa kilo. Anayedhibiti hesabu ya kilo anadhibiti sehemu ya bei, ingawa bei haiguswi kwa jina.

Mzigo wenyewe nao unazidi kuwa mkubwa. Uzalishaji wa korosho nchini ulizidi tani 300,000 msimu wa 2017/18, na msimu wa 2024/25 ulivuka tani 500,000. Ufuta na mbaazi nazo zimeingizwa kwenye stakabadhi ghalani, kwa hiyo maghala ya Ruangwa na Nachingwea hayapumziki kama zamani: ufuta hutangulia katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na korosho hufungua msimu Oktoba. Ghala moja linaweza kuwa na mbaazi ambazo hazijachukuliwa na mnunuzi wakati korosho za kwanza zinagonga mlango, huku fedha za ufuta za baadhi ya wanachama zikiwa bado zinafuatiliwa. Taarifa ya ghala hilo inayosomwa na chama kikuu, bodi ya zao, benki na mkuu wa wilaya ingepaswa kuwa na safu mbili kwa kila zao, zote zikiwa na tarehe na saa ileile: kilichomo, na kinachodaiwa. Safu ya tatu ingeonyesha tofauti na sababu yake, iwe ni unyaufu, mzigo ulio njiani au malipo yasiyokamilika. Nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa kila AMCOS, mahali ambapo wanachama wanaweza kuilinganisha na risiti zao kabla ya mkutano wa mnada unaofuata.